Kwa Enebish, Kabla Hajaenda Sokoni

Umeniuliza bei, Enebish, hukuuliza ufundi,
nami nakujibu yote mawili kwa pumzi moja,
maana soko la Narantuul likishakumeza
kati ya viatu vya manyoya na vipuri vya pikipiki
hutasikia tena simu ikilia mfukoni.

Lipite boksi lile jekundu.
Vifaa hamsini na tisa, kifuniko kinang'aa,
vingi humo hutajua hata uvishike upande gani,
na chuma chake ni laini kama ahadi ya mlevi.
Mchagua jembe si mkulima, husemwa.
Sawa. Na aliyejitwika majembe hamsini na tisa
atafika shambani saa ngapi?

Nunua sindano mbili. Butu.
Ndiyo, butu: sindano haitoboi,
hupita tu, kama mgeni aliyefunguliwa mlango.
Anayefungua ni msharasi,
na hapo usibane mkono.
Muulize mzee Luvsandorj, kushoto kwa wauza hatamu,
akupe wenye ncha ya pembe nne.
Iguse ncha kwenye ukucha wa dole gumba:
ikiteleza, mrudishie;
iking'ata, lipa.

Uma wa kupigia alama unaweza kungoja.
Mimi nilianza na uma wa mezani, ule wa mama uliopinda,
nikausugua kwa tupa hadi meno yakalingana.
Nyundo usinunue. Mguu wa kiti
kilichovunjika harusini kwako unatosha.
Kibano ni mbao mbili, bawaba, na magoti yako.
Nta iwe ya nyuki, kipande kama jino la farasi;
ya mshumaa hupukutika kwa baridi yetu.

Uzi, mara nne ya urefu wa mshono.
Nilikata mara tatu, nikijiona mjanja,
ukaniishia vidole viwili kabla ya mwisho,
saa saba ya usiku, makaa yamezima,
nikalia.

Miaka kumi na tisa nashona kwa mashine kiwandani,
makoti ya kashimiri ya watu nisiowajua,
kwa hiyo naijua siri yake:
nyuzi mbili hukutana katikati ya kitambaa, zikakumbatiana,
na moja ikikatika
nyingine haina cha kushika.
Ndivyo ulivyofumuka ule ukanda wa dukani,
mpya, wa farasi wa mjomba Gombo.
Siku tatu tulimtafuta kwenye theluji.
Tulimkuta zizini kwa watu,
amenenepa kuliko sisi.

Kwa mkono, uzi ni mmoja,
sindano huku na sindano huku,
tundu lilelile.
Ya kulia iingie, ya kushoto iifuate
bila kuuchoma uzi wa mwenzake
(mkeo atakueleza hilo vizuri kuliko mimi),
kisha vuta, mikono miwili, nguvu moja.
Mshono mmoja ukikatika
iliyobaki haina habari.

Mwishoni rudi nyuma mishono miwili, ukate.
Uzi wa plastiki uunguze kwa kiberiti.
Wa kitani usiunguze.
Zulia langu lina ushahidi.

Ukanda wangu wa kwanza ni aibu,
mishono inakwenda kama nyayo za mbuzi mgonjwa.
Farasi hakusema kitu.
Kipupwe cha pili hiki, bado amefungwa nao,
naye ni mvutaji.

Yote hayo hayafiki tugriki elfu arobaini.
Na kama Luvsandorj hayupo,
usinunue msharasi kwa mwingine, pitia kwangu
nikuazime wangu.

La, ngoja.
Wangu unao wewe tangu mwaka mpya,
uliuchukua ukatobolee mikebe.

Basi nunua miwili.